Kubadili gasketi ya mbele na sailensa ya nyuma nyumbani bila kuchomelea: IST, Uyole

Mwana_Uyole (Mbeya)

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni mwongozo wa kufanya kazi ya ekzosi mwenyewe hapa nyumbani Uyole.

Gari ni Toyota IST ya 2004, NCP60, injini 2NZ-FE. Asubuhi ikiwashwa ya baridi inalia "chu-chu-chu" upande wa mbele chini, ikishapata moto sauti inapungua ila haiishi. Nyuma, sailensa kubwa imeoza kwenye mshono wa chini. Ukiigonga na bisibisi kutu inadondoka vipande, na ndani kuna bati limeachia linacheza. Mpira mmoja wa kuning'inizia umekatika, pamefungwa waya. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni harufu ya moshi ndani ya gari wakati wa kupanda mlima vioo vikiwa vimefungwa, na kwa baridi hii ya Juni kushusha vioo ni mtihani.

Fundi aliyeiona anasema dawa ni kukata kuanzia kati, achomelee bomba moja mpaka nyuma. Mimi nataka ibaki ya kufunguka kwa spana kama ilivyotoka kiwandani. Nina seti ya soketi, jeki la kwenye gari, grenda ndogo na nyundo. Sakafu ni udongo mwekundu ulioshindiliwa, una mteremko kidogo.

Nianzie mbele au nyuma? Ninunue nini kabla sijafungua, maana ikishafunguka siwezi kwenda nayo Mwanjelwa kwenye maduka ya spea? Na hizo bolti zilizooza nazitoaje bila kukatika?

Fundi_Kihesa (Iringa)

Salama ndugu. Anzia mbele. Moshi unaovuja chini ya injini hupanda mpaka chini ya wipa, na hapo hapo ndipo feni inapovutia hewa ya kuingiza ndani. Kwa hiyo harufu unayoisikia mlimani ina uwezekano mkubwa wa kutoka mbele kuliko kwenye ile sailensa. Na wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Kinachoua kwenye moshi wa petroli ni kaboni monoksidi, nayo haina harufu wala rangi. Unachokinusa ni vitu vingine vilivyoongozana nayo. Kichwa kikianza kuuma, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida ukiwa ndani ya gari, simama, zima, shuka. Mpaka utakapomaliza kazi hii zima feni na uache vioo wazi pande zote mbili, baridi ivumiliwe.

Kabla ya kugusa spana, hakikisha unajua panapovuja, kwa sababu sauti husafiri kwenye chuma ikakupeleka sipo. Gari ikiwa imelala usiku kucha, mtu mmoja akae kwenye usukani awashe, nje, si ndani ya banda. Wewe chukua kitambaa kizito kilicholowa maji, kikunje mara nne, uzibe mdomo wa bomba la nyuma kwa sekunde tano hadi kumi. Ekzosi nzima itausukuma mkono wako kwa nguvu na injini itataka kuzima. Iliyotoboka haisukumi, na badala yake utasikia mluzi pale penye tundu. Nyuma kwako tayari pameoza, kwa hiyo moshi utakimbilia huko. Funga kwanza lile tundu kwa kitambaa kingine chenye maji ili upime mbele. Kisha chukua mpira wa maji wa mita moja, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe kwenye kila maungio. Una dakika mbili hivi kabla chuma hakijaanza kuunguza.

Angalia na masizi. Panapovuja moshi pana alama nyeusi kavu inayotawanyika kama imepulizwa, wakati kutu ya kawaida ni kahawia na imetulia.

Sauti inayopungua injini ikipata moto maana yake chuma kinatanuka na kuziba kidogo. Hapo kuna sehemu mbili za kushuku: gasketi kati ya manifodi (chuma kinachokusanya moshi unaotoka kwenye injini) na kichwa cha injini, au pete ya duara pale bomba la mbele linapokutana na manifodi kwa bolti mbili zenye springi. Hiyo pete ndiyo huchoka mapema, na ndiyo unayoweza kuibadili kwa saa moja ukiwa umelala chini.

Ielewe kwanza pete yenyewe. Ni gasketi nene ya kijivu iliyokolea, imetengenezwa kwa grafiti na waya mwembamba uliosukwa, upande mmoja una mviringo kama kitako cha bakuli. Inakaa kwenye mdomo wa manifodi, na mdomo wa bomba unaikumbatia kama fupa la nyonga linavyokaa kwenye tundu lake. Injini ya IST imelazwa kukata upana wa gari, kwa hiyo kila ukikanyaga mafuta inainama mbele na nyuma. Ile pete inaruhusu bomba licheze bila kuvuja na springi zinalibana muda wote. Ndiyo maana mtu akikushauri uchomelee hapo ili "imalizike", kataa. Ukichomelea, mtikisiko wote unahamia kwenye manifodi, na inayopasuka ni manifodi.

Sasa kuinua gari. Jeki la kwenye buti ni la kubadilishia tairi, halitoshi kulala chini yake. Tafuta stendi mbili, hata za kuazima. Kwenye udongo weka chini ya kila stendi ubao wa sentimita 30 kwa 30 wenye unene wa sentimita 4 au 5, la sivyo mguu unazama taratibu na gari inainama. Matofali usitumie, ya kuchoma wala ya saruji, maana hayaonyeshi dalili kabla ya kupasuka. Hamisha gari mpaka palipo tambarare. Ukiinua mbele, vuta handibreki na uzuie matairi ya nyuma kwa mawe pande zote mbili. Ukiinua nyuma, handibreki haikusaidii tena kwa sababu inashika matairi yaliyo hewani. Hapo weka gia P na uzuie matairi ya mbele. Laza tairi la akiba chini ya ukingo wa bodi kama akiba ya mwisho, kisha itikise gari kwa mkono kabla hujaingia.

Chomoa plagi ya sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba unaloshusha. Legeza bolti mbili za springi (kichwa chake kwa kawaida ni 14) kwa kupokezana, mizunguko miwili huku na miwili kule, kwa sababu springi imebanwa na ukitoa moja yote bomba linakaa upande na kuibana nyingine. Chomoa mpira wa kwanza wa kuning'inizia. Bomba litashuka sentimita 3 au 4, inatosha kutoa pete. Liwekee gogo chini, lisining'inie kwa waya wa sensa wala kulemea maungio ya nyuma.

Pete ya zamani itakuwa imeganda. Itoe kwa bisibisi kidogo kidogo, usichimbe uso wa manifodi. Safisha kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, pangusa na kitambaa kikavu. Pete mpya weka kwa mkono, kisha weka kibao juu yake ugonge polepole kuzunguka mpaka uso wake ulingane na uso wa manifodi. Wengi wanakosea hapa: wanaipachika nusu, halafu wanakaza bolti ili bomba liisukume iingie. Grafiti inamomonyoka upande mmoja na baada ya wiki sauti imerudi. Na pete iliyowahi kukandamizwa hairudiwi kutumika, hata kama inaonekana nzima.

Kaza kwa kupokezana tena. Kipimo cha Toyota kwa bolti hizi za springi, kwa modeli nyingi, ni niutonimita 43. Kama huna spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), chukua spana ya urefu wa sentimita 20: nguvu inayotakiwa kwenye ncha yake ni kama uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, si zaidi. Bolti hizi zina bega linalogota, likigota acha. Anayeongeza bomba kwenye mpini ili "iwe ngumu" anakata thredi.

Spea_Mwanjelwa (Mbeya)

Mkuu, nijazie upande wa vifaa. Usije dukani na jina la gari peke yake, njoo na kodi (namba ya modeli) ya chesisi kutoka kwenye kibao cha injini. NCP60 ni 1.3 ya kuvuta mbele, NCP61 ni 1.5 ya kuvuta mbele, NCP65 ni 1.5 ya kuvuta matairi yote manne. Sailensa ya NCP65 haikai kwenye ya kwako kwa sababu chini ya gari nyuma pana vyuma vingine kabisa.

Orodha yako kabla ya kufungua: pete ya mbele moja, pete ya maungio ya nyuma moja (usiache ya zamani kwa sababu tu haijalia), bolti za springi nne na springi zake nne, mipira ya kuning'inizia yote iliyopo kwenye gari na si ule uliokatika peke yake, na sailensa. Ongeza grisi ya shaba, brashi ya waya na kopo la dawa ya kulegeza kutu.

Pete zinafanana machoni lakini zinatofautiana milimita mbili tatu, na hizo ndizo zinazovujisha. Pima kipenyo cha ndani, cha nje na unene kwa venia (kipimo cha milimita chenye taya). Kama huwezi kutoa ya zamani kwanza, nunua mbili za vipimo vinavyokaribiana kwa makubaliano ya kurudisha isiyotumika, na usiikandamize. Kipenyo cha bomba kipime kwa uzi: zungushia, nyoosha kwenye rula, gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 141 ni bomba la 45; wa 132 ni bomba la 42.

Springi mpya na ya zamani zisimamishe wima pamoja mezani. Ya zamani ikiwa fupi au imeegemea upande, imekwisha nguvu, na pete mpya itavuja nayo. Watu wanaruka hii springi kila siku halafu wanalaumu gasketi.

Kuhusu sailensa unazo njia tatu. Mpya ya kiwanda kingine: angalia kama mikono ya kuning'inizia imechomelewa pembe zile zile na za zamani, ziweke sambamba sakafuni dukani kabla ya kulipa. Ya mtumba kutoka Japani: ipo iliyo bora kuliko mpya, lakini ichague. Magari ya mikoa yao yenye theluji hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi na huoza kwa chini. Itikise, isikike kimya. Kung'ong'a maana yake bati za ndani zimeachia. Igonge kwa kifundo cha kidole mshono mzima: panapolia kavu pana chuma, panapolia butu pameliwa. Ya tatu ni ya kutengenezwa hapa hapa kwa bati. Nyingi hazina vyumba vya ndani vya kiwandani, zinaunguruma ukifika kasi ya barabara kuu. Kwa safari za Makambako au Tunduma kelele hiyo inachosha sana.

Mipira: kuipachika tumia maji ya sabuni. Oili na grisi zinaivimbisha na kuilainisha, miezi michache inachanika. Na ule waya utoe. Ekzosi hurefuka ikipata moto na huyumba na injini, waya hauruhusu, kwa hiyo unavunja mkono wa sailensa au unapasua bomba jirani.

Dereva_Ipogolo (Iringa)

Hayo yote kwa nini? Wakati yuko chini atoe na masega (kile kisafisha moshi cha ndani ya ekzosi), gari ipate pumzi ya mlima. Kitonga unapanda bila kubembeleza.

Fundi_Kihesa (Iringa)

Ndugu Dereva, hapa sitakubaliana nawe, na hasa kwa gari ambayo moshi unaingia ndani. Masega yanageuza sehemu kubwa ya kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Ukiyatoa, tundu lolote la nyuma yake litakalojitokeza linaleta sumu kali zaidi kuliko sasa. Pia sensa ya pili, iliyo nyuma ya masega, itaona hakuna kazi inayofanyika, taa ya cheki injini itawaka na kodi P0420, na siku ikija hitilafu nyingine ya kweli taa haitakuambia kitu kwa sababu iko njano siku zote.

Gari kupungukiwa nguvu huku kwetu si lazima iwe masega. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni pungufu karibu sehemu moja ya sita, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hata ikiwa mpya. Masega yaliyoziba yanapimika: toa sensa ya kwanza, iliyo mbele ya masega, funga geji ya presha kwenye tundu lake, injini ikiwa na moto ipandishe mpaka mizunguko 2,500. Presha ikizidi 3 psi, kweli kuna kizuizi. Isipofika hapo, unatupa kitu kizima.

Na kuvuja kwa mbele, kabla ya sensa ya kwanza, kuna madhara ambayo watu hawayaunganishi. Moshi hutoka kwa mapigo, na katikati ya mapigo ile nafasi inavuta hewa ya nje ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni kidogo, inaongeza. Matokeo ni gari kula mafuta na pengine kodi P0171. Mara nyingi mtu anahangaika na nozo na plagi, kumbe ni pete ya mbele.

Mwana_Uyole (Mbeya)

Asanteni sana wakuu. Vifaa nimepata vyote, pete zimepimwa. Nimepaka dawa ya kutu jana jioni na leo asubuhi. Bolti moja ya mbele imetoka vizuri. Ya pili kichwa kimeliwa, soketi inazunguka tu. Na bolti za nyuma ni kutu tupu, huoni hata pembe. Nifanyeje?

Chuma_Njombe (Njombe)

Simama hapo hapo kaka, usiongeze nguvu. Bolti ikikatikia ndani ya manifodi kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili.

Za nyuma ni rahisi, nianze nazo. Hizo zinaenda kutupwa pamoja na sailensa, kwa hiyo kata kichwa kwa grenda. Ila tangi la mafuta na mabomba yake yako jirani. Cheche za grenda zinaruka mita kadhaa. Weka bati kati ya cheche na tangi, vaa miwani ya kioo kigumu, mtu asimame na ndoo ya maji au mchanga. Kama unanusa petroli hata kidogo, weka grenda chini, tumia msumeno wa chuma. Unachukua dakika kumi na tano kwa bolti moja, lakini hautoi cheche.

Ya mbele iliyoliwa kichwa: acha soketi ya pembe kumi na mbili, tumia ya pembe sita. Tofauti yake ni kwamba ya pembe sita inashika ubapa wa kichwa na ya pembe kumi na mbili inashika ncha za pembe, nazo ndizo zilizolika. Kama 14 imelegea, jaribu 13 uigonge kwa nyundo iingie kwa kubana. Kwenye kutu nyingi hii peke yake inamaliza kesi. Kabla ya kulegeza, kaza kwanza kidogo, kama robo ya robo ya mzunguko, mpaka usikie "tik" ya kutu kukatika. Halafu legeza nusu, rudisha robo, paka dawa, legeza nusu. Ukisikia bolti inakuwa laini ghafla kama inanyumbuka, acha, inakaribia kukatika.

Ikigoma, moto. Bomba la gesi la fundi wa friji linatosha. Pangusa dawa yote ya kutu kwanza, inawaka. Choma masikio ya manifodi yanayoizunguka bolti, bolti yenyewe iache, kwa sababu unataka tundu litanuke. Dakika mbili tatu, kisha gusisha mshumaa kwenye thredi. Nta inayeyuka na kufyonzwa ndani mpaka mwisho wa thredi, ikilainisha pale ambapo dawa ya kopo haifiki. Subiri ipoe mpaka uvuguvugu ndipo ujaribu. Ukiwa na mafuta ya gia otomatiki na asitoni, changanya nusu kwa nusu uache usiku mzima, inapenya kuliko makopo mengi, lakini mchanganyiko huo usiukaribishe kwenye moto kabisa.

Na ikikatika? Kikibaki kisiki nje, fundi wa kuchomelea aweke nati juu yake achomelee kwa katikati ya tundu la nati. Ule moto wenyewe unalegeza kisiki, na nati inakupa pa kushika. Ondoa waya hasi wa betri kabla, na ethi ya mashine ishikwe karibu na panapochomelewa. Kikikatikia ndani, piga alama katikati kabisa kwa senta, toboa na biti ya 3, halafu 5, halafu 8.8 kama thredi ni M10 kwa 1.25, ukate thredi upya kwa tapu. Biti ikienda upande tangu mwanzo hakuna kinachoirudisha, kwa hiyo senta ndiyo ya kuchukuliwa muda. Thredi zikiwa zimekufa kabisa, toboa tupu 10.5 na upitishe bolti ndefu yenye nati upande wa pili, bolti ya alama 8.8 kichwani au zaidi. Springi irudi mahali pake. Usiifunge bila springi.

Spea_Mwanjelwa (Mbeya)

Naongeza hapo kwa Chuma. Grisi ya shaba paka kwenye thredi tu, usipake kwenye pete. Na kuna wanaopenda kuizungushia pete silikoni nyekundu "kwa uhakika". Silikoni nyingi hutoa mvuke unaoharibu sensa ya oksijeni. Pete nzima iliyokaa sawa haihitaji kitu. Ile simenti ya ekzosi nayo ina kazi yake, kwenye bomba linaloingia ndani ya bomba lingine na kufungwa klampu. Kwenye pete ya springi inazuia ule mchezo Fundi aliouelezea.

Dereva_Ipogolo (Iringa)

Nimekuelewa Fundi kuhusu masega. Lakini kuchomelea nyuma msikukatae moja kwa moja. Flanji (bapa la chuma lenye matundu ya bolti) ya bomba la kati ikiwa imeliwa, bolti mpya inashika nini? Kuna gari bolti ziko sawa ila sikio la flanji limebaki jembamba kama karatasi.

Fundi_Kihesa (Iringa)

Hoja yako ni sahihi, na hapo kuchomelea ni halali: flanji mpya inachomelewa kwenye bomba la zamani, halafu maungio yanabaki ya bolti. Bomba lishushwe, kazi ifanyike juu ya meza mbali na tangi. Bomba la ekzosi lina unene wa milimita 1.2 hadi 1.5 hivi. Fundi akija na vijiti vya 2.5 na moto mkubwa atatoboa kila anapogusa na atakuwa anafukuza matundu mpaka jioni. Vijiti vya 2.0, ampea 40 mpaka 60, mishono mifupi mifupi kwa kupokezana pande. Kabla hajaanza, kwangua mpaka kwenye chuma kinachong'aa na ugonge kwa nyundo ndogo sentimita 5 zaidi ya pale unapodhani pazuri panaanzia. Kuchomelea juu ya kutu ni kupanua tundu. Bolti au flanji iliyopakwa zinki ikwanguliwe kwanza, moshi wake mweupe unaumiza mapafu.

Mwana_Uyole (Mbeya)

Bolti imetoka! Soketi ya 13 ya pembe sita, kwa nyundo, na mshumaa. Masikio ya manifodi ni mazima. Pete mpya nimeigonga kwa kibao, imelingana. Flanji ya kati ni nene bado. Sasa sailensa mpya, naifunga kwa utaratibu gani ili isigonge chini?

Fundi_Kihesa (Iringa)

Hongera. Tundika sailensa kwenye mipira kwanza, yote, ndipo ulete maungio ya bolti. Pete ya nyuma ipachike kama ya mbele. Bolti zote, mbele na nyuma, zishike kwa vidole tu. Hapo sukuma sailensa kwa mkono kulia, kushoto, juu, uangalie nafasi: sentimita 2 hadi 2.5 kutoka bodi, ekseli ya nyuma, mabomba ya breki na tangi. Mipira ivutike sawasawa. Mmoja ukiwa umenyooka na mwingine umelegea, bomba limepinda kwenye maungio, lizungushe kidogo. Pakiwa sawa, kaza kuanzia mbele kurudi nyuma. Ukianza nyuma unalazimisha bomba zima na mvutano unaishia kwenye pete ya mbele uliyoihangaikia.

Rudisha plagi ya sensa, waya upite mbali na chuma. Washa nje. Dakika ishirini za kwanza utaona moshi mwembamba na harufu ya kuungua: ni dawa ya kutu, nta na mafuta ya kiwandani kwenye sailensa. Matone ya maji kwenye mdomo wa nyuma ni ya kawaida. Rudia jaribio la kitambaa. Mkono usukumwe na usisikie mluzi popote. Halafu panda nayo barabara ya Tukuyu mpaka Isongole na kurudi, vioo chini. Ikishapoa kabisa, ingia chini na spana: bolti ambayo bega lake halijagota irudie. Matuta ya barabarani yanayokwaruza sailensa yapite polepole kwa pembe, tairi moja kwanza.

Mwana_Uyole (Mbeya)

Moja la mwisho. Ya zamani ilioza kwa chini na ndani, juu ni nzima kabisa. Kwa nini? Sitaki hii nayo iende hivyo hivyo.

Chuma_Njombe (Njombe)

Ni maji ya ndani, kaka. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa maji karibu lita moja, yakiwa mvuke. Sailensa ikiwa ya baridi, mvuke unageuka matone na kutulia chini pamoja na tindikali kidogo ya moshi. Ukitoka Uyole mpaka Sae na kurudi asubuhi ya Juni, sailensa haifiki moto wa kuyakausha, unazima, yanalala humo. Kesho unaongeza mengine. Huku Njombe na Makete ndivyo zinavyooza, kuliko hata kwa matope ya masika.

Angalia chini ya sailensa yako mpya, sehemu ya chini kabisa: nyingi za kiwandani zina tundu dogo la kama milimita 3. Usilizibe ukidhani ni kasoro, ni la kutolea maji hayo, na kila masika yakiisha lizibue kwa waya. Kisha mara moja kwa wiki ipeleke gari mwendo wa nusu saa bila kusimama, Uyole mpaka Igurusi panatosha, mpaka mdomo wa bomba uwe mkavu ukiugusisha karatasi.